Majina Kapuni: Historia ya Vidoti, Kuanzia Gemu za Kibandani Mpaka Memori Kadi za Mtaa wa Aggrey

Leo tunaziweka pembeni habari za nani kamwacha nani na nani kanunuliwa gari na nani. Tunaingia kwenye historia. Najua kuna watu wameshaanza kusonya, ila tulia kwanza, maana hii stori ina watu wenye majina kapuni kuliko hata zile za wasanii. Kuna Wajapani waliochora gemu tulizokulia, wengi wao hawakuruhusiwa hata kuandika majina yao. Kuna mafundi wa Taiwan na China waliozikopi gemu hizo mpaka zikatufikia uswazi. Kuna washkaji wa Kariakoo waliotuwekea nyimbo na video kwenye memori kadi. Na kuna watu walioandika programu za bure ambazo mpaka leo zinafanya kazi nyuma ya simu yako na wewe huna habari.

Wote hao kazi yao ilikuwa moja: kuichukua picha kubwa na kuibana mpaka iingie kwenye mashine ndogo. Na ukiibana picha kuna kitu kinapotea. Kumbuka hilo, tutalirudia huko mbele likiwa na sura ya mtu.

Tuanze na kitu ambacho kaka na dada zetu wanakikumbuka. Simu za mkononi zilianza Bongo mwaka 1994 na Mobitel, ile iliyokuja kuwa Buzz, ikawa Tigo, leo tunaiita Yas. Ila zilianza kusogea kwa watu wa kawaida miaka ya 2000, Vodacom ilipoingia na ushindani ukakolea. Hapo ndipo walipotamba Nokia 3210 na ndugu yake 3310. Skrini ya 3310 ilikuwa na vidoti 84 kwa upana na 48 kwa urefu. Basi. Na kila kidoti kina hali mbili tu, kimewaka au kimezima. Hakuna kijivu wala rangi.

Kwenye hizo simu kulikuwa na meseji za picha. Ua, moyo, mtoto analia, keki ya bethidei. Saizi yake ilikuwa vidoti 72 kwa 28, jumla 2,016. Ukivipanga nane nane unapata baiti 252, na meseji moja ya kawaida inabeba baiti 140, kwahiyo moyo mmoja tu uliomtumia mchumba ulikuwa unakatwa vipande na kusafiri kama meseji kadhaa. Picha moja ya simu ya leo ya megapikseli 12 ina vidoti mara karibu 6,000 ya ile. Halafu kulikuwa na logo ya mtandao, 72 kwa 14, ile iliyokuwa inakaa pale juu badala ya jina la kampuni. Ukiona mtu simu yake imeandika jina lake badala ya jina la mtandao, ulijua huyu ana hela au ana rafiki mwenye kompyuta.

Sasa swali. Hiyo picha ilitengenezwaje? Nyingine zilichorwa kidoti kimoja kimoja. Ila ukitaka sura ya mtu halisi iingie kwenye 72 kwa 28, lazima ubadilishe fotoo kuwa vidoti, na hapa ndipo stori inapoanza kuwa tamu.

Njia rahisi kuliko zote ni kukata katikati. Kidoti chenye mwanga zaidi ya nusu kinakuwa cheupe, chenye chini ya nusu kinakuwa cheusi. Kwa mzungu aliyesimama mbele ya pazia jeusi inatoka poa kabisa. Sasa chukua fotoo ya bibi yako, ile ya studio yenye pazia la maua, uipitishe humo. Uso mzima unaangukia chini ya nusu. Kinachobaki ni doa jeusi lenye meno. Hakuna aliyekaa akapanga kumdhalilisha bibi, ni hesabu tu, lakini ni hesabu iliyotungwa na watu waliokuwa wanajaribia kwenye sura za kwao. Hata enzi za filamu ilikuwa hivyo hivyo. Kodak walikuwa wanapima rangi kwa kadi zenye picha ya dada wa kizungu, kadi zikaitwa Shirley, na ngozi yako ikitoka kama mkaa walikuwa wanalaumu taa za studio.

Dawa ya doa jeusi ilishapatikana mwaka 1976. Wamarekani wawili, Robert Floyd na Louis Steinberg, walitoa njia ambayo mimi naielewa kwa mfano wa duka la Mangi. Tuseme Mangi anauza kitu kwa shilingi 100 au anakupa bure, hakuna katikati. Wewe una 40. Anakunyima, unakuwa mweusi. Ila ile 40 yako haipotei, anaigawa kwa walio nyuma yako kwenye foleni. Kati ya mafungu 16, saba anampa wa kulia kwako, matano anampa wa chini yako, matatu wa chini kushoto, moja wa chini kulia. Huyo jirani naye akiwa na 70 zake, akiongezewa anafika karibu 88, anahesabiwa 100, anakuwa mweupe, na sasa deni linageuka upande wa pili: anayefuata anakatwa. Inaenda hivyo mpaka mwisho wa picha. Ukiangalia kwa karibu unaona kama mtu kamwaga ufuta. Ukirudi nyuma hatua mbili unaona shavu, unaona kivuli cha pua, unamwona bibi.

Jaribu mwenyewe kama una laptopu. Kuna programu ya bure inaitwa ImageMagick. Haina dirisha wala vitufe. Unafungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri, unaandika mstari mmoja:

magick bibi.jpg -resize 72x28 -gamma 1.6 -monochrome bibi.pbm

Ile gamma 1.6 ndiyo ya kwetu, inainua mwanga wa ngozi kabla ya kugawa madeni. Ukiitoa bibi anazama gizani. Kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni hutaikuta, maana walioyaandika hawakuihitaji.

ImageMagick ilianza mwaka 1987 ndani ya kampuni ya kemikali ya DuPont kule Marekani, mkono wa John Cristy, na ikatolewa bure kwa dunia mwaka 1990. Ila kuna nyingine mimi naipenda zaidi kwa sababu ya umaskini wake. Mwaka 1988 Jef Poskanzer alitoa mkusanyo wa vijiprogramu ulioitwa Pbmplus, ambao baadaye wengine wakaurithi ukaitwa Netpbm. Tatizo lake lilikuwa kwamba imeili za wakati ule zilikuwa zinaharibu faili la picha njiani, zinapitisha maandishi tu. Basi akatunga fomati ya picha ambayo yenyewe ni maandishi. Huhitaji hata programu ya kuchora, unaweza kuiandika kwa kidole kwenye simu. Angalia hii:

P1
5 7
1 0 0 0 1
1 0 0 1 0
1 0 1 0 0
1 1 0 0 0
1 0 1 0 0
1 0 0 1 0
1 0 0 0 1

Hiyo ni picha kamili. P1 inasema ni nyeusi na nyeupe, 5 7 ni upana na urefu, moja ni nyeusi, sifuri ni nyeupe. Finya macho uone herufi K ya Kariakoo. Ukiihifadhi kwa jina linaloishia na .pbm, programu inayoijua fomati hiyo, kama ImageMagick, inaifungua kama fotoo nyingine yoyote.

Na humo ndani ya Netpbm kuna kijiprogramu kinaitwa pbmtonokia. Kazi yake moja tu maishani ni kugeuza picha ya aina hiyo kuwa logo ya mtandao au meseji ya picha ya Nokia. Kipo mpaka leo. Mtu alikaa usiku akaandika kitu cha simu ambayo leo madogo wanaiona kwenye meme, na bado watu wanakitunza. Kwenye meseji ya picha, sehemu ya picha yenyewe inaanza na baiti nne: 00, 48, 1C, 01. Kwa hesabu za kompyuta 48 ni 72 na 1C ni 28. Yaani upana, urefu, halafu rangi moja, halafu vidoti vyako. Kwisha habari.

Sasa turudi nyuma, maana kuna watu watauliza: mbona wazungu wa umri wa baba zetu wanalilia kompyuta za zamani, sisi tunalilia Nokia? Jibu liko kwenye tarehe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ICT 1500. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni nazo zikawekwa humo humo. Marufuku imekuja kuondoka miaka ya 1990. Sasa hesabu: kule Uingereza ZX Spectrum ilitoka 1982, Commodore 64 mwaka huo huo, watoto wa miaka 12 wanaandika programu sebuleni wakiwa wamechomeka kwenye TV. Sisi Bara hatukuwa na hiyo kompyuta, na hata TV ya kuichomeka hatukuwa nayo (Zanzibar wao walikuwa na TV ya rangi toka miaka ya 1970 mwanzoni, wapewe maua yao). ITV ilipoanza kurusha 1994 ndipo TV zikaanza kujaa majumbani, na nyuma ya TV zikaja gemu.

Kwahiyo kompyuta yetu ya utotoni ni ile gemu ya kaseti. Na naomba nieleweke, nasema kompyuta kwa maana ya kompyuta. Ilikuwa nakala ya Famicom, mashine iliyotoka Japani Julai 1983. Kinachouzwa Kariakoo kwa jina lolote lile, rangi yoyote, umbo la PlayStation au la kibodi, ndani kilikuwa kitu kile kile kimebanwa kwenye chipu moja iliyofunikwa na tone jeusi la gundi. Nintendo wenyewe waliacha kuitengeneza Famicom mwaka 2003. Mimi nimezaliwa 2000, na kibanda cha gemu cha mtaani kwetu kilikuwa kinajaa mwaka 2008, watoto wanapanga foleni na hamsini mkononi. Tulikuwa tunacheza mashine ya mwaka 1983 bila kujua ni ya zamani. Kwetu ilikuwa mpya.

Ile mashine inachora namna hii. Skrini ina vidoti 256 kwa 240, ila haichori vidoti, inapanga vigae, kama tailizi za sakafuni. Kila kigae ni 8 kwa 8. Skrini nzima ina nafasi za vigae 960, lakini kwenye ghala la mandhari kuna vigae tofauti 256 tu. Maana yake lazima urudie. Ndiyo sababu kwenye Super Mario wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro ule ule, kimoja kimepakwa nyeupe kingine kijani. Kaangalie, ukishaona huwezi kuacha kuona. Kigae kimoja kinakula baiti 16 na kina rangi nne basi, na vigae vinne vinavyokaa pamoja lazima vishee rangi hizo hizo. Ghala la mandhari na la wahusika ukijumlisha ni vigae 512, kilobaiti 8. Sauti ya WhatsApp ya sekunde kadhaa inazidi hapo.

Ukifikiria, kanga inafuata sheria hiyo hiyo. Pindo linajirudia kuzunguka, mji unajirudia au una mchoro mmoja mkubwa, rangi ni chache, na uzuri wote unatoka kwenye mpangilio. Mama zetu wangeuelewa ubao wa Famicom kwa dakika tano. Hata Edward Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, alikuwa anafanya kazi na rangi chache zilizokaa bapa, kila moja ina mpaka wake. Chui wa Tingatinga anaingia kwenye vigae bila kulia. Fotoo ndiyo inayolia.

Na hapa nina donge langu. Rangi zilizokuwemo kwenye ile mashine ni kama hamsini na kitu zinazotumika, lakini kahawia zinazofaa ngozi ni za kuhesabu kwa vidole. Kwenye gemu zote za kibandani, mtu mweusi niliyemwona akiwa na jina ni Mike Tyson, kwenye gemu la ngumi la 1987, na yeye alikuwa adui wa mwisho. Sisi tulikuwa Mario, tulikuwa wale makomandoo wa Contra, tulikuwa kila mtu isipokuwa sisi. Hatukuwahi kuona daladala kwenye gemu. Hatukuwahi kuona muuza kahawa.

Waliochora hizo gemu nao hawakuonekana. Kampuni nyingi za Japani za miaka ya 1980 ziliwazuia watu wao kuandika majina halisi mwisho wa gemu, kwa kuogopa wapinzani wasije wakawaiba, kwahiyo unaona majina ya utani tu yanapita. Waliokuja kuzikopi ndo kabisa. Ila hao wa kukopi walikuwa mafundi wa kweli. Picha kwenye kaseti nyingi zinakaa kwenye chipu yake peke yake, tofauti na chipu ya akili ya gemu, kwahiyo unaweza kubadilisha vigae bila kugusa kitu kingine. Walikuwa wanafuta jina la Nintendo, wanabadilisha nguo za mhusika, wanaweka kichwa kipya, wanaliita gemu jipya. Mwaka 1994 Wataiwani walitoa Somari, Mario anayekimbia kwenye dunia ya Sonic. Na zile kaseti za gemu 9999999 ndani ya moja? Zilikuwa gemu chache tu, orodha nzima iliyobaki ni gemu zile zile zinaanzia hatua nyingine au zina rangi nyingine. Tulijua, ila tulikuwa tunateremsha orodha tukiamini huko chini kuna kitu.

Leo kazi ile ya vigae inafanywa kwa amri moja. Watu wanaotengeneza gemu mpya za mashine za zamani, na wako wengi duniani, wanachora PNG ya kawaida halafu wanaipitisha kwenye kijiprogramu. Kwa Game Boy kuna rgbgfx, ambacho kinakata picha kuwa vigae, na ukiongeza herufi u kwenye amri kinatupa vigae vinavyojirudia ili ghala lisijae. Ndiyo ile hesabu ya wingu na kichaka, inafanywa na mashine. Zamani mtu alikuwa anapaka karatasi ya graf kwa penseli za rangi.

Tushuke sasa Kariakoo yenyewe.

Kati ya kama 2006 na 2014 hivi, ukipita Aggrey, Msimbazi, Likoma, huwezi kumaliza hatua kumi bila kukuta meza, kompyuta ya mezani yenye kioo cha kichogo, spika mbili na kibao: tunaweka nyimbo, video, gemu, picha. Unatoa memori kadi yako, unasema unataka nini, unalipa kwa wimbo au kwa kadi nzima. Simu za kichina zilikuwa zimejaa, laini mbili, spika kama za disko, na kila moja na skrini yake: 128 kwa 128, 128 kwa 160, 176 kwa 220, 240 kwa 320. Ndiyo maana Waptrick ilikuwa inakuuliza simu yako kabla hujashusha kitu. Nokia za Series 40 za mwanzo zenyewe zilikuwa zinakataa gemu la Java likizidi kilobaiti 64, picha na muziki vyote humo humo.

Video ndo zilikuwa pasua kichwa. Klipu ya Bongo Flava kwenye DVD ina vidoti 720 kwa 576. Simu ilikuwa inataka 3GP. Umewahi kujiuliza kwa nini kila 3GP ilikuwa 176 kwa 144? Kwa sababu H.263, njia ya kubana video iliyokuwemo, kwa kawaida inakubali saizi chache tu zilizopangwa: 128 kwa 96, 176 kwa 144, 352 kwa 288 na kubwa zaidi ya hapo ambazo simu isingeziweza. Sasa 720 kwa 576 ni vidoti 414,720. 176 kwa 144 ni 25,344. Katika kila vidoti 16, 15 vinabaki Kariakoo. Halafu ukifika nyumbani unamwonyesha jirani, mnaiangalia watu watano kwenye kioo cha kiganja, na hakuna aliyelalamika.

Wengi wa washkaji wale walikuwa wanatumia programu za vitufe. Ndani ya nyingi kati ya hizo, injini ilikuwa FFmpeg, programu ya bure ya amri iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Baadhi ya wenye vitufe hawakusema kabisa wametumia kazi ya mtu, mpaka FFmpeg wakawa na ukurasa wa aibu kwenye tovuti yao wa kuwataja wanaovunja leseni. Wao hawakuwa na mambo ya jina kapuni.

Namfahamu mmoja wa Aggrey ambaye hakutaka vitufe. Jina kapuni, maana siku hizi ana ajira ya tai na hataki stori nyingi. Alijifunza amri kwa sababu ya uvivu, anasema mwenyewe. Mteja analeta folda la picha 300 za harusi anataka zote ziingie kwenye kadi ya megabaiti 64. Wa vitufe anabofya mpaka jioni. Yeye anaandika:

mogrify -resize 128x160 *.jpg

anaenda kula chipsi mayai, akirudi kazi imeisha.

Ila mogrify ina tabia moja ambayo lazima uijue. Haitengenezi nakala. Inaandika juu ya faili lile lile. Picha kubwa inaondoka, ndogo inakaa mahali pake na jina lile lile, kimya kimya, hakuna swali la una uhakika. Yeye alikuwa anakopi folda kwanza. Siyo wote waliokopi. Na mteja naye alikuwa anafurahi, kamera ni ya kuazima, kadi ya kamera inafutwa ili irudishwe kwa mwenyewe, picha zote ziko kwenye simu, zinaonekana safi kabisa kwenye kile kioo.

Mwezi uliopita kuna mdau wa humu, dada, jina kapuni, alinitumia picha DM. Baba yake, amevaa suti, 128 kwa 160. Harusi ya shangazi, 2009. Baba amefariki, na zile 300 zote ziko hivyo, hakuna kubwa hata moja. Akaniuliza: kaka, wewe mtu wa mambo haya, naweza kuifanya HD?

Nilimjibu hivi, na nawajibu wote mnaoniuliza kila wiki. Vidoti vilivyotupwa havirudi. Hakuna sehemu vimejificha. Zile programu za akili bandia zinazotoa sura safi hazivitafuti vidoti vya baba yako, zinakisia kutokana na sura nyingine nyingi ilizoziona, na kama sura nyingi ilizosomea siyo za kwetu, inakisia kwa kuegemea huko. Alikuwa ameshajaribu moja. Alinitumia. Ilikuwa picha nzuri, kope zinahesabika, pua imenyooka. Chini yake aliandika, "Mama amesema huyu nani?"

Tulichofanya ni kuikuza bila kukisia:

magick baba.jpg -filter point -resize 800% baba-kubwa.png

Kila kidoti kinakuwa mraba wa 8 kwa 8, jumla 1024 kwa 1280, hakuna kilichoongezwa wala kulainishwa. Alienda kuichapisha studio moja mjini. Kijana wa studio aligoma kwanza, akamwambia dada hii picha mbovu, nikulainishie. Akakataa. Imetundikwa sebuleni kwao sasa. Ukiwa karibu unaona miraba. Ukikaa kwenye kochi la mbali unaona mzee kasimama. Hili siyo uchawi, mwaka 1973 Leon Harmon na Bela Julesz wa Marekani waliandika kuhusu hilo kwa picha ya Rais Lincoln iliyobanwa kuwa miraba michache, kwamba ukisogea mbali au ukifinya macho, ubongo unaacha kusumbuliwa na kingo za miraba na sura inatokea. Mama yake anasema anapendelea kuiangalia jioni, kabla taa hazijawashwa.

Picha za namna hiyo zimejaa mji huu na zinaondoka. Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki, watu waliachana na michina kwa maelfu. Kuzimwa mtandao hakufuti picha iliyomo ndani, lakini nani alikuwa anawaza picha siku ile, watu walikuwa wanawaza laini. Nyingine zikaenda kwa mafundi kuwa spea, nyingine zikapewa watoto kuchezea. Memori kadi nazo hazidumu milele.

Kwahiyo naomba kitu. Nakusanya picha za enzi ile: meseji za picha za Nokia, logo za mitandao, wolpepa za 128 kwa 160, 3GP za mtaani, kaseti za gemu zenye lebo za duka la Kariakoo. Kama una mchina kwenye droo, usiuchaji moja kwa moja, betri la zamani likiwa limevimba ni hatari. Litoe, toa na kadi, isome kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, kopi folda zima kabla hujagusa chochote. Na wale madogo watatu mlioniandikia kwamba mnataka kutengeneza gemu la daladala kwa Game Boy, nimewawekea vigae 40 vya kuanzia: tairi, kioo, konda anayening'inia mlangoni. Rangi ni nne tu, kwahiyo konda kavaa shati la mstari. Mkipata bora kuliko huyo, tupieni hapo chini tuone.